Ndugu yetu aliandika, sisi tukaliita gazeti



Wiki chache zilizopita nilikuwa natafuta kitu kwenye simu yangu. Mhasibu wa usharika alinitaka nimwoneshe ujumbe wa muamala wa mchango nilioutoa miezi mitatu nyuma, na mimi, kama ilivyo kawaida yangu, nilikuwa nimeufuta. Nikakumbuka kwamba siku ile niliubandika kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya yetu ili katibu auone. Basi nikaanza kurudi nyuma kwa kidole, siku baada ya siku, wiki baada ya wiki.

Kabla sijaufikia muamala wangu, nikakutana na ujumbe mrefu wa mzee mmoja wa jumuiya yetu. Niliukumbuka mara moja. Nilikumbuka kwamba ulikuwa mrefu. Ulisema nini, sikukumbuka, na sababu yake ni rahisi: sikuwa nimeusoma.

Chini yake majibu yalikuwa yamepangana. Wa kwanza aliandika, "Mzee, hilo ni gazeti!" akaweka na sura mbili za kucheka mpaka machozi. Wa pili akaandika, "Fupisha baba, bando linaisha." Watatu wakaandika "Amina", ingawa ujumbe ule haukuwa sala. Mmoja akauliza ibada ya jumuiya ya wiki ile itakuwa nyumbani kwa nani. Mwingine akatuma tangazo la vitenge. Na kwenye ujumbe wenyewe kulikuwa na alama ya viganja viwili vilivyokutanishwa. Nilipoigusa nione nani aliiweka, nikakuta jina langu.

Nikabonyeza pale palipoandikwa "soma zaidi". Nikausoma wote nikiwa nimesimama jikoni, chai ikipoa.

Mzee alianza mbali, kama wanavyoanza wazee. Alisalimu. Alimshukuru Mungu kwa mvua. Akakumbusha jinsi ujenzi wa kanisa letu ulivyoanza, nani walibeba mawe ya msingi, akina mama walivyopika kwa zamu. Kisha akafika kwenye jambo lake, nalo lilikuwa utaratibu wa kusoma mbele ya ibada majina ya washarika ambao hawajamaliza ahadi zao za ujenzi. Alisema hapingi ujenzi wala hapingi ahadi. Alieleza kwa utulivu kwa nini anaona utaratibu ule unawaumiza watu ambao tayari maisha yamewaumiza. Akapendekeza wazee wa kanisa wawatembelee watu hao nyumbani kwanza, wajue kilichowasibu.

Na katika aya ya mwisho kabisa, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyefika, akaandika kwamba jina lake pia lilisomwa. Kwamba duka lake limefungwa tangu mwaka jana. Kwamba mkewe anatumia dawa kila siku. Kwamba tangu Jumapili ile hajaweza kuingia kanisani wala kuisogelea meza ya Bwana, kwa aibu. Alimaliza kwa kutuomba tumkumbuke katika maombi, na akaomba radhi kwa kutuchosha.

Miezi mitatu. Sote tulikuwa tumeona kwamba haonekani ibadani. Tulidhani amesafiri.

Amenikubalia niandike habari hii bila kulitaja jina lake, na ninaiandika kwanza kama toba yangu mwenyewe. Lakini naiandika pia kwa sababu naamini kilichotokea katika jumuiya yetu kinatokea katika nyingi. Tumekuwa watu ambao hatuwezi tena kumsikiliza ndugu mpaka mwisho wa maneno yake.

Sitaki kuutumia ukurasa huu kuilaumu simu. Simu imetufaa. Kwa simu tumechangishana misiba usiku wa manane, tumetafutiana damu hospitalini, tumepeana habari za mtoto aliyepotea na akapatikana kabla jua halijazama. Ujumbe mfupi una kazi yake na unaifanya vizuri. "Ibada imesogezwa saa tatu" haihitaji aya tano.

Ila tukumbuke tulikotoka. Wengi wenu mnaosoma hapa mliwahi kuandika au kuandikiwa barua. Mnaijua ile namna yake ya kuanza: dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Vijana huzicheka leo salamu zile. Lakini barua iliyotoka mjini ikafika kijijini haikusomwa na mtu mmoja akiwa amesimama. Mtoto wa shule aliitwa, watu wakakaa, ikasomwa kwa sauti mpaka mwisho, na bibi akasema, "Hebu rudia pale." Iliwekwa chini ya godoro, ikasomwa tena mgeni alipofika.

Kisha zikaja simu za mkononi na ujumbe wa maneno wenye nafasi ya herufi 160 tu. Tukajifunza kubana maneno, kwa sababu kila ujumbe ulikuwa na bei. Hilo lilieleweka. Lakini cha kushangaza ni kwamba baadaye nafasi ilifunguka, ukaweza kuandika kiasi unachotaka, na sisi tukazidi kufupisha. Siku hizi ukiandika kirefu, simu yenyewe inauficha mwisho wa maneno yako nyuma ya "soma zaidi". Tangu mwaka 2022 mtu anaweza kukujibu kwenye WhatsApp kwa kubandika alama moja juu ya ujumbe wako, bila kuandika hata herufi. Tangu 2021 anaweza kuusikiliza ujumbe wako wa sauti kwa kasi mara mbili, hata kama ni mama mzazi anayesimulia huku analia. Analia haraka haraka, nasi tunaendelea na shughuli. Grupu moja sasa linaweza kubeba watu 1,024. Ipo nafasi ya watu elfu moja, ila mmoja wao akiwa na jambo la kueleza, nafasi haipo.

Angalia matokeo yake katika makanisa yetu. Wenye maneno mengi ya kueleza wamenyamaza, maana wamechoka kuitwa magazeti. Wamebaki wenye mstari mmoja mkali, kwa sababu mstari mkali husomwa na kila mtu. Fedha za kwaya zikileta maneno, hakuna anayeandika aeleze nini kiliingia na nini kilitoka. Mtu anatupa kijembe kwenye "status" yake na kuacha kila mmoja ajitafutie anayesemwa. Ndoa ikiyumba, tunatuma aya ya Biblia na ua jekundu. Mtu akiuliza swali zito la imani, kwa mfano kwa nini mtoto wake amekufa wakati kanisa zima liliomba, anajibiwa "Mungu ni mwema" na watu kumi na wawili ndani ya dakika mbili. Ni kweli kabisa kwamba Mungu ni mwema. Lakini mama yule hakuuliza hilo.

Mithali 18:13 inasema juu ya mtu anayejibu kabla hajasikia, na haimwiti mtu mwenye shughuli nyingi. Inamwita mpumbavu, na inasema fungu lake ni aibu. Siku ile jikoni niliielewa aya hiyo kuliko siku zote nilizoihubiri.

Sasa niwaombe tufungue Biblia mahali ambapo wengi wetu tunapajua, au tunadhani tunapajua. Kama kuna aya inayozunguka sana kwenye magrupu yetu kila asubuhi ikiwa na picha ya jua linalochomoza, ni Yeremia 29:11, ile inayozungumzia makusudi mema ya Mungu kwa watu wake na tumaini la siku zijazo. Tunamtumia binti anayekwenda kwenye usaili wa kazi. Tunamtumia kijana aliyemaliza chuo. Ni wangapi tunakumbuka kwamba aya hiyo ni kipande cha barua?

Mwaka 597 kabla ya Kristo, mfalme Nebukadreza aliwachukua mateka watu wa Yerusalemu na kuwapeleka Babeli: mfalme Yekonia, mama yake, maofisa, mafundi na wahunzi. Yeremia alibaki Yerusalemu. Wakati huohuo akatokea nabii aitwaye Hanania, ambaye habari zake ziko katika sura ya 28, akatangaza hekaluni kwamba ndani ya miaka miwili tu kila kitu kitarudi, vyombo vya hekalu na mateka wote. Akaiondoa nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, akaivunja mbele ya watu. Hebu fikiri ujumbe wa Hanania ungesambaa vipi leo. Ni mfupi, ni mtamu, na una picha.

Yeremia aliandika barua. Ilipelekwa kwa mkono wa Elasa na Gemaria, watu wawili ambao mfalme Sedekia alikuwa anawatuma Babeli. Na barua ile haikuanza na tumaini. Ilianza kwa kuwaambia mateka wajenge nyumba na kukaa humo. Wapande bustani. Waoe, wawaoze watoto wao, wasipungue. Wautafute usalama wa mji uleule walikofungwa na kuuombea, kwa kuwa usalama wao umo ndani ya usalama wa mji huo. Wasiwasikilize manabii wanaowaotea ndoto. Kisha, katika aya ya 10, barua ikasema jambo gumu kuliko yote: ni miaka sabini.

Mpendwa msomaji, jiweke mahali pa baba wa miaka arobaini aliyekaa kando ya mto wa Babeli akisomewa barua hiyo. Akisikia miaka sabini, anafahamu kwamba yeye hatarudi. Mjukuu wake huenda akarudi. Baada ya kimya hicho ndipo inakuja aya ya 11. Tumaini lile lilisemwa kwa watu waliokwisha kuambiwa ukweli wote. Ukiikata aya na kuiacha barua, unabaki na maneno ambayo hata Hanania angeweza kuyatuma. Sisemi Mungu hawezi kumfariji binti wa usaili kwa aya hiyo. Anaweza, na amefanya hivyo kwa wengi. Ninasema kwamba usaili ukishindikana, na wa pili ukashindikana, atakayemsaidia ni yule aliyesoma naye barua nzima, akajua kwamba Mungu ana watu wake hata katika mwaka wa thelathini wa kungoja.

Na kisa hakiishii hapo. Huko Babeli alikuwapo mtu aitwaye Shemaya, Mnehelami. Barua ya Yeremia ilimuudhi, naye akaandika barua zake Yerusalemu, kwa watu wote na kwa kuhani Sefania, akitaka Yeremia aadhibiwe. Angalia katika aya ya 28 jinsi alivyoieleza barua ya Yeremia. Alisema mtu huyu ametuambia kwamba uhamisho utakuwa mrefu, tujenge nyumba, tupande bustani. Basi. Katika ufupisho huo hakuongeza neno la uongo hata moja. Yeremia aliyaandika yote hayo. Lakini maombi kwa ajili ya mji hayamo. Ahadi ya kurudi haimo. Mungu anayesikia akiitwa hayumo. Kwa kufupisha tu, barua ya mchungaji aliyewalilia watu wake ikageuka maneno ya msaliti.

Ndivyo ndugu wanavyoharibiwa mpaka leo. Mtu anaandika aya sita, mwingine anachukua sentensi ya tatu, anaipiga picha kwenye kioo cha simu na kuisambaza. Kila neno lililomo kwenye picha ni lake, lakini aliyesemwa humo siye yeye.

Sefania alifanya jambo dogo ambalo halihubiriwi mara nyingi. Alipoipokea barua ya Shemaya hakuisambaza. Aliichukua akaisoma masikioni mwa Yeremia mwenyewe. Natamani kila usharika uwe na akina Sefania wachache.

Najua kuna msomaji ambaye tangu mwanzo anataka kunikatiza. Je, Bwana Yesu hakutuonya tusiwe na maneno mengi? Alituonya, katika Mathayo 6:7. Je, yule mtoza ushuru katika Luka 18 hakuomba sentensi moja tu akarudi nyumbani amehesabiwa haki? Ndivyo ilivyokuwa, na yule Farisayo mwenye maelezo mengi akatoka mtupu. Na Eutiko je, kijana aliyesinzia dirishani huko Troa wakati Paulo anaendelea kuhubiri mpaka usiku wa manane, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu? Wahubiri wenzangu, tukisoma Matendo 20 tusome kwa unyenyekevu. Urefu peke yake si utakatifu. Wako watu wanaoandika kirefu ili kuficha, na wengine ili waonekane wasomi. Waraka kwa Filemoni una sura moja tu, na ndani ya sura hiyo Paulo aliweza kumwombea Onesimo apokelewe kama ndugu.

Lakini angalia sababu ambayo Bwana Yesu aliitoa. Alisema tusipayuke-payuke kwa maneno mengi kwa kuwa Baba anajua tunachohitaji hata kabla hatujamwomba. Hiyo ndiyo sababu. Mungu anajua. Kwa Mungu unaweza kuugua tu bila neno lolote, naye akaelewa.

Jirani yako hajui. Hajui kwamba duka limefungwa. Hajui dawa zinagharimu kiasi gani. Hajui ulivyotetemeka jina lako liliposomwa. Asipoambiwa hatajua kamwe, na kuambiwa kunataka maneno ya kutosha, na masikio ya kutosha. Kwa hiyo sala inaweza kuwa fupi na mazungumzo na ndugu yakawa marefu, na vyote viwili vikatoka katika imani ileile. Sisi tumegeuza: tunamwelezea Mungu kwa saa nzima mambo anayoyajua, na ndugu asiyejua tunampa alama ya viganja.

Kanisa lenyewe lilikuzwa na barua. Waraka kwa Warumi, Paulo aliusema na Tertio akauandika; jina lake liko katika sura ya 16. Katika sura hiyohiyo Paulo anamkabidhi kwao dada Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na wengi wanaamini ndiye aliyeubeba waraka huo. Wathesalonike waliagizwa barua isomwe kwa ndugu wote. Wakolosai waliambiwa wakimaliza kuisoma yao wahakikishe inasomwa pia Laodikia, na ile ya Laodikia wao waisome. Watu walikaa chini. Watumwa na mabwana, wanawake na wanaume, wengi wao hawajui kusoma, wakasikiliza mpaka salamu za mwisho.

Fikiri Wakorintho wangekuwa na ile "soma zaidi". Katika waraka wa kwanza wangeisikia salamu, kisha wangekutana na karipio juu ya magomvi yao katika sura ya 1. Nani angeendelea? Mbele yake kuna kashfa ya sura ya 5, kesi za mahakamani katika sura ya 6, ndoa, nyama za sanamu. Upendo uko sura ya 13. Ufufuo uko sura ya 15. Wangejibu "Amina, mtumishi" na kuondoka kabla ya hazina yenyewe.

Na kabla ya upendo, katika sura ya 11, Paulo anazungumzia meza ya Bwana. Tunapenda kusoma pale anapoeleza mkate na kikombe. Lakini anaanza na nini? Anaanza na watu wenye chakula kingi wanaokula huku wengine wana njaa, na anawauliza kama wanalidharau kanisa la Mungu na kuwaaibisha wasio na kitu. Mzee wetu hakuitaja aya hiyo. Hata hivyo, nilipoisoma tena usiku ule, niliona kwamba ujumbe wake tuliouita gazeti ulikuwa unatukumbusha jambo lilelile. Waliokuwa wamelisahau ni sisi tulioendelea kushiriki.

Nitaje mfano mmoja wa karibu na siku zetu. Mwezi Aprili 1963, Martin Luther King alifungwa katika jela ya Birmingham huko Alabama, Marekani, kwa kuongoza maandamano ya watu weusi kudai haki zao. Viongozi wa dini wanane, wote wazungu, walitoa tamko gazetini wakiyakosoa maandamano hayo na kuwasihi watu wasubiri. King angeweza kuwajibu kwa mstari mmoja wa hasira, na mstari huo ungeshangiliwa. Alianza kuandika pembezoni mwa gazeti, kwa kuwa hakuwa na karatasi, na barua ilipokamilika ilikuwa na maneno karibu 7,000. Aliijibu hoja yao ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mwishoni aliomba radhi kwa urefu wake. Aliwaandikia kirefu kwa sababu aliwahesabu kuwa watu wenye nia njema wanaoweza kuelezwa wakaelewa. Ukimwandikia mtu namna hiyo umempa heshima, hata kama unampinga. Na ukimsoma mtu mpaka mwisho umempa heshima, hata kama hutakubaliana naye.

Basi tufanyeje? Nina machache ya kuomba.

Kwanza, tusijibu ujumbe ambao hatujaumaliza. Ukiwa kwenye daladala au kazini na ndugu ameandika kirefu, mwandikie, "Nimeuona, baba, nitausoma jioni nikitulia." Kisha jioni uusome. Yakobo 1:19 inatutaka tuwe wepesi wa kusikia na wazito wa kusema. Kidole nacho husema.

Pili, neno "gazeti" tuliache. Tunalitamka kwa utani, lakini mtu aliyechukua usiku mzima kukusanya ujasiri wa kuandika halisikii kama utani.

Tatu, tunaoandika tuwe na huruma kwa wasomaji wetu. Weka jambo lako mapema, gawa aya, acha yasiyo ya lazima. Mzee wetu aliliweka jeraha lake mwisho kwa sababu ya adabu, na adabu ile nusura imfiche. Kama una jambo zito, si utovu wa adabu kulisema katika aya ya kwanza.

Nne, yako mambo ambayo hata barua haitoshi. Yohana, mwishoni mwa waraka wake wa pili na wa tatu, anasema alikuwa na mengi ya kuandika lakini hakutaka kutumia wino. Alitumaini kuonana nao uso kwa uso. Ukishasoma mpaka mwisho, mara nyingi utagundua kwamba jibu linalotakiwa ni kuvaa viatu.

Na kwenu viongozi: jumuiya zetu hukutana kila wiki. Si vibaya, mara moja moja, ujumbe wa mshirika ukasomwa pale kwa sauti, kwa ruhusa yake, watu wakiwa wamekaa, kama zilivyosomwa nyaraka. Mazungumzo yatakayofuata hayatafanana na yale ya kwenye simu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa yule mzee. Nilipiga hodi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kunikaribisha ndani bila kuonesha kushangaa. Tulizungumza kwanza habari za mvua. Kisha nikamwambia kwamba nimekuja kuomba msamaha, kwa kuwa ule ujumbe alioutuma kwenye grupu nimeusoma juzi tu.

Alinyamaza kidogo. Akaniuliza, "Umefika mpaka mwisho?"

Nikamjibu, "Nimefika mwisho, baba."

Akageuka akamwita mkewe, akamwambia tuna mgeni, kama kuna chai alete. Tulikaa mpaka magharibi. Alinisimulia mambo ambayo hayakuwamo hata kwenye ujumbe wake.

Pendekezo lake sasa limefikishwa kwenye baraza la wazee, na bado halijaamuliwa. Jumapili iliyopita hakuja ibadani. Leo sijui kama atakuja. Nimemwahidi kumpitia asubuhi tuongozane, na hakukataa.

Nawe, kabla hujaenda kanisani leo, au ukisharudi, fungua simu yako urudi nyuma kidogo. Huenda kuna ndugu aliyekuandikia kirefu, nawe ukampa dole gumba. Bonyeza "soma zaidi". Msome mpaka mwisho. Bwana aliyesimama barabarani Yeriko akamsikiliza kipofu ambaye wengi walimwambia anyamaze atupe na sisi masikio kama yake.

Jumapili njema.